Muhogo Mchungu: mchekeshaji aliyekuja kuwa Waziri Mkuu

Kuna mzee wa hapa Utange ambaye mimi na wenzangu tulimdhulumu kwa kicheko, na leo hayuko duniani nipate kumtaka radhi. Alikuwa rika la babu zetu. Alipata kukata mkonge Tanga zamani za Mwingereza, kisha akarudi kwao kulima. Jioni moja ya mwaka 1986, baada ya Isha, tulikuwa tumekaa barzani na redio ya betri iliyokuwa ikishika Dar es Salaam. Taarifa ya habari ikamtaja Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye wakati huo alikuwa Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi. Yule mzee akasema, kama mtu anayetaja jirani yake, ya kwamba huyo anamjua: ni Muhogo Mchungu, mshamba wa kwenye sinema, aliyewavunja mbavu kambini kwao.

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi ndimi niliyecheka zaidi, kwa kuwa nilikuwa nikisoma ng'ambo ya daraja na nikijiona mtu wa mjini. Nilimweleza mzee, kwa adabu ya uongo, ya kwamba amechanganya kiongozi wa serikali na mchekeshaji. Hakubishana. Alikaza kikoi chake, akachukua kurunzi, akaenda zake kulala. Kesho yake alirudi barzani kama kawaida, lakini habari ya Muhogo Mchungu hakuitaja tena mpaka alipokufa.

Ilinichukua miaka mingi, tena kwa sababu ya kazi hii ya kalamu, kusoma habari za sinema za zamani za Tanganyika na kukuta jina la Kawawa humo. Mzee alisema kweli. Kwa hivyo makala haya nayaandika nikiwa na deni, na msomaji anisamehe nikikawia mahali ambapo deni lenyewe linaniuma.

Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Matepwende, huko Songea, kusini kabisa mwa Tanganyika. Baba yake alikuwa mwindaji wa ndovu, naye Rashidi alikuwa wa kwanza katika watoto wanane. Anayeijua ramani ataona ya kwamba kutoka Matepwende kwenda Dar es Salaam kwa njia za siku hizo si safari ya kuagana leo na kuonana kesho. Kijana huyu alitoka shamba hasa, si shamba la kusingiziwa kama hili letu la Utange, ambalo liko umbali wa mwendo mfupi tu kutoka Mombasa na bado wenye mji wakituona tumevuka hutuuliza kama kwetu kuna chumvi. Alisoma Liwale, kisha Dar es Salaam, kisha Tabora, shule ambayo serikali ya Kiingereza ilikuwa ikiwatengenezea humo makarani na watoto wa machifu. Inasimuliwa kwamba angeweza kuendelea mpaka Makerere, akaacha ili apate mshahara wa kuwasomesha wadogo zake. Aliyelelewa katika nyumba ya watoto wengi ataelewa jambo hilo bila ya kupigiwa hesabu.

Basi akawa karani wa serikali, kisha akaingia katika Idara ya Maendeleo ya Jamii, kwenye kazi ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Hapo ndipo sinema ilipomkuta.

Yafaa nieleze sinema hizo zilikuwa za namna gani, kwani kijana wa leo akisikia sinema huwaza Bombay au Marekani. Waingereza walianza mapema kuwatazama Waafrika wa Afrika ya Mashariki kama watu wa kufundishwa kwa picha. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kituo cha majaribio huko Vugiri, katika milima ya Usambara, si mbali na Tanga, chini ya Meja Notcutt, na fedha zake zilitoka kwa wafadhili wa Marekani. Walitengeneza filamu 35: za minyoo, za kahawa, za akiba ya posta, na nyengine za hadithi. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilitiwa kwenye sahani za santuri za lugha mbali mbali, na sahani ikaenda sambamba na picha. Sindano ikiruka, mtu anafumba mdomo na maneno bado yanamtoka. Nadhani hapo ndipo watu walipocheka zaidi, wala haikuwa imekusudiwa.

Vita Vikuu vya pili vilipokwisha, mambo yakasogea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya filamu kutoka Afrika Kusini kutengeneza mfululizo wa michezo ya Kiswahili yenye wachezaji Waafrika. Zilikuwa sinema za fedha chache. Ukizilinganisha na zile za Kihindi na za Kimisri ambazo watu wa Mombasa walizilipia tikiti mjini, zilikuwa kama kashata mbele ya halua. Lakini zilikuwa na jambo moja ambalo zile za nje hazikuwa nalo: watu waliokuwa wakionekana humo ni watu kama wewe, na lugha waliyosema ni yako. Hapana aliyehitaji kutafsiriwa gizani na jirani.

Mojawapo ya sinema hizo iliitwa Muhogo Mchungu, na mchezaji mkuu alikuwa Kawawa. Ilikuwa sinema ya kuchekesha. Habari yake ni ya mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam, na mji ukamchezea. Alicheza pia katika nyengine, ikiwemo Meli Inakwenda, lakini Muhogo Mchungu ndiyo iliyobaki vinywani mwa watu, na sidhani kama ni kwa bahati. Watu wa Utange hawahitaji kuelezwa muhogo mchungu ni nini. Mtamu waweza kuung'oa, ukaumenya na kuutafuna hapo hapo njiani. Mchungu una sumu. Ni mpaka uambuliwe, ulowekwe, uanikwe juani, utwangwe, ndipo uwe chakula. Lakini mkulima anaupenda, kwa kuwa nguruwe mwitu na nyani wanauogopa, na ukiuacha ardhini unamngoja. Kumpa mshamba jina hilo ni kumcheka na kumwonya mwenye kumcheka, yote kwa neno moja.

Sinema yenyewe ilipelekwa kwa gari. Mimi sikuwahi kuiona Muhogo Mchungu, lakini gari la sinema nalijua, kwa kuwa katika utoto wangu lilikuwa likija huku Kisauni bado. Lilifika alasiri likiwa na spika juu, likizunguka na kutangaza, na chuoni kwetu hapana aya iliyokaa kichwani siku hiyo. Maalimu alijua. Alitutoa mapema kwa sharti tusiende, nasi tulikubali sharti na tukaenda, na baadaye tukamwona yeye mwenyewe amesimama mbali chini ya mwembe, amejifunika shuka mpaka masikioni. Kwanza lilikuja tangazo la sabuni, kisha somo la mbu au la mbolea, kisha ndipo kichekesho. Serikali ilidhani kichekesho ni sukari ya kumezea dawa. Watu walimeza sukari wakatema dawa.

Lakini si yote waliyoitema. Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo. Hadithi ya mshamba anayeharibikiwa mjini ilikuwa ikipendwa sana na serikali ya kikoloni, na sababu yake haikuwa mapenzi ya kuchekesha. Mji ulikuwa wa Mzungu, na Mwafrika aliyetakiwa humo ni yule mwenye kazi na kitambulisho tu. Waliobaki walitakiwa shamba, wakilima pamba na kukata mkonge. Kumwonyesha mkata mkonge ya kwamba mwenzake aliyekwenda mjini amepoteza fedha na akili ni kumwambia akae alipo. Yule mzee wetu na wenzake walikaa chini wakati wa usiku, baada ya kutwa nzima ya kukatwa na miiba, wakamcheka mtu ambaye ni wao wenyewe. Nimejiuliza mara nyingi kama walijua. Naona walijua. Mtu hacheki mpaka mbavu zikauma kwa jambo lisilomgusa.

Na Kawawa je? Yeye alikuwa mtoto wa mwindaji kutoka Matepwende aliyesoma Tabora na kuvaa suruali ya karani, naye alilipwa kuigiza ushamba mbele ya kamera. Wengine wangeona haya. Yeye hakuonekana kuona haya, wala sijui kwa nini aone. Mchezaji anayeweza kujifanya mjinga mbele ya watu elfu huwa amekwisha kujua ujinga ni nguo, huvaliwa na huvuliwa.

Mwaka 1953 idara yake ilimpeleka Urambo, upande wa Tabora, ambako Wakikuyu waliokamatwa kwa habari ya Mau Mau walikuwa wamewekwa kambini. Ni safari ya ajabu kwa mtu aliyetoka kuchekesha. Kazi aliyopewa ilikuwa ya maendeleo ya jamii, lakini mkaaji wa kambi ya kizuizini hana jamii ya kuendeleza ila waya uliomzunguka. Muda si muda Kawawa aliyekuwa akiitumikia serikali akaanza kuipinga kwa njia ya vyama vya wafanyakazi. Aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Tom Mboya wa Kenya alikuwa amefika Dar es Salaam mwaka huo huo kuwatia moyo na kuwaonyesha njia. Mwaka 1956 Kawawa akaacha kazi ya serikali kabisa, na mwaka 1957 akaingia katika Kamati Kuu ya TANU na katika Baraza la Kutunga Sheria.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapita upesi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962 Mwalimu Julius Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na aliyeshika nafasi yake ni Kawawa, akiwa na umri wa miaka 35. Haikufika hata miaka kumi tangu Muhogo Mchungu. Jamhuri ilipotangazwa Desemba mwaka huo akawa Makamu wa Rais, na baada ya Muungano na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964 akawa Makamu wa Pili, Mzee Abeid Karume akiwa wa Kwanza. Kuanzia 1972 hadi 1977 alikuwa Waziri Mkuu tena. Kisha Waziri wa Ulinzi, wakati wa vita vya Idi Amin. Watu wakamwita Simba wa Vita. Mwenye kufikiri ya kwamba muhogo hauwezi kugeuka simba na amwangalie mtu huyu.

Palikuwa na kichekesho kingine, ambacho hakikuandikwa na mtu. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi, na Mwalimu na Kawawa wakavushwa usiku mpaka Kigamboni, ng'ambo ya bandari, wakafichwa huko. Rais na Makamu wake, wenye nchi, wamejibanza katika nyumba ya upande wa pili wa maji wakingojea habari. Nadhani kati ya wawili hao, aliyezoea zaidi kuwa mtu ambaye mji umemgeuka ni Kawawa. Na hapa niseme neno la pembeni: nchi hiyo iliongozwa na watu wawili wa mchezo. Mmoja alitafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, akatoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, na mwenziwe alikuwa amekwisha kuigiza mshamba kwenye kitambaa cheupe. Hatujapata tena viongozi wa namna hiyo, huko wala huku.

Sisemi haya kumpaka mafuta marehemu. Yapo mambo ya Kawawa ambayo mtu mwenye insafu hawezi kuyaruka. Yule yule aliyeongoza migomo alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1962 zilipopitishwa sheria za kuwafunga mikono wagomaji, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya kumpeleka mahakamani. Aliyefika Urambo akaona watu nyuma ya waya, alikuwa mkuu wa serikali sheria hiyo ilipozaliwa. Mwaka 1964 shirikisho lile alilolianzisha likavunjwa, pakawekwa chama kimoja cha wafanyakazi chini ya serikali.

Kisha vijiji. Alipokuwa Waziri Mkuu mara ya pili, ofisi yake ndiyo iliyokuwa na mamlaka juu ya utawala wa mikoa, na ndiyo miaka ya Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, ambapo mamilioni ya wakulima walihamishwa. Kuhama kulianza kwa hiari kukaishia kwa amri, na pako mahali nyumba zilichomwa moto ili mwenyewe asirudi. Mnamo 1976 ikaja kampeni ya kuwatoa mjini Dar es Salaam watu wasio na kazi, warudi wakalime. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1970 shirika la filamu la Tanzania likatoa sinema iliyoitwa Fimbo ya Mnyonge, habari ya kijana anayekwenda mjini kutafuta maisha, asipate, akarudi kwenye kijiji cha ujamaa. Nilipolisoma hilo nilishusha kitabu. Bendera imebadilika, waliokaa ofisini wamebadilika, na mshamba bado anaambiwa ile ile: mjini si pako, rudi shamba. Safari hii aliyekuwa mkuu wa ofisi ni Muhogo Mchungu mwenyewe.

Sidai ya kwamba alijifunza siasa hiyo kwenye sinema. Watetezi wake husema alikuwa mtiifu, akitekeleza lililoamuliwa na chama, na ni kweli alijulikana kwa utiifu kuliko kwa jambo jengine lolote. Lakini utiifu wa mtu mkubwa hulipwa na wadogo, na waliohamishwa hawakuulizwa kama amri imetoka kwa Mwalimu au kwa msaidizi wake.

Sasa nije kwa lile linalonifanya nimpende, nami nalitaja mwisho kwa kuwa ni langu. Januari 1967, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, Kawawa alitangaza kwamba kazi za serikali zifanywe kwa Kiswahili. Barua, mikutano, faili, yote. Huenda kwa mtu wa Dar es Salaam wa leo jambo hilo ni kama kutangaziwa kwamba bahari ina maji. Kwetu Mombasa, penye Kiswahili chenyewe, halikuwa jepesi. Babu zetu waliotunga tenzi kwa lugha hii walipokwenda ofisi ya ardhi walisimama mlangoni kumngoja kijana wa kuwasomea karatasi ya Kiingereza juu ya shamba walilozikwa wazee wao. Bunge la Kenya lilikubaliwa kusema Kiswahili mwaka 1974, na lugha hiyo haikuwa rasmi pamoja na Kiingereza mpaka Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010, Kawawa akiwa amekwisha kufa miezi minane kasoro siku chache.

Fikiri basi, msomaji. Mshamba wa kwenye sinema hudanganywa mjini kwa sababu haelewi yanayosemwa. Anaonyeshwa karatasi hajui imeandikwa nini, anaitika asichokijua, na watazamaji wanacheka. Aliyeigiza mtu huyo, alipopata uwezo, aliamuru ofisi iseme maneno ambayo mtu huyo anayaelewa. Hakuna Muhogo Mchungu aliyebaki salama mjini kwa sababu hiyo peke yake, hilo nalijua. Matapeli wanajua Kiswahili pia. Lakini angalau alipoibiwa, aliweza kuandika mashitaka yake mwenyewe. Na huyu hakuwa mtu wa pwani, wala hakutunga shairi tunalolijua. Alikuwa Mngoni wa Songea. Sisi wenye lugha tuliokuwa tukimhesabu mtu wa bara kuwa hajui kutamka tuna la kujibu hapo, nami sina jibu.

Mzee Rashidi Kawawa alifariki Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili, tarehe 31 Desemba 2009, akiwa na umri wa miaka 83. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mkewe Sofia, aliyeongoza umoja wa wanawake wa Tanzania, alikuwa amemtangulia mwaka 1994. Habari ilitufikia Utange jioni ile ya mwisho wa mwaka, dukani, kwenye televisheni ndogo iliyowekwa juu ya magunia ya unga. Wakaonyeshwa picha zake na Mwalimu, picha zake na majeshi, picha zake akiwa mzee wa miwani. Vijana waliokuwa wakinunua mkate wakauliza ni nani huyo, na muuza duka akajibu ni waziri wa zamani wa Tanzania.

Niliwaambia alikuwa pia mchezaji sinema, tena mchekeshaji, na jina lake humo lilikuwa Muhogo Mchungu. Walinitazama, kisha wakatazamana. Mmoja akacheka, wenziwe wakamfuata. Nilichukua mkate wangu nikaenda nyumbani. Njia yangu hupita kando ya shamba la yule mzee, ambalo sasa ni la wajukuu zake. Bado wanapanda muhogo, ule mchungu ukiwa pembeni, upande wa vichaka.